Sahani ya Kumi na Mbili

Mama Mpishi alikuwa na sahani kumi na mbili za bati, nyeupe zenye ukingo wa buluu, na chini ya kila moja alikuwa amekwaruza msalaba mdogo kwa ncha ya msumari. Ukila kwake ukainuka bila kurudisha sahani kwenye beseni, alikuita mbele ya watu wote. "Wewe wa shati jekundu! Hiyo sahani unaihamishia wapi?" Madereva wa malori yaliyopanga foleni kuvuka kwenda Kenya walicheka, lakini walirudisha. Hata wakubwa wa forodha walirudisha.

Mimi ninayeandika haya ni mtu anayejulikana. Uliza Busia hii yote, kuanzia mpakani mpaka njia ya Tororo, utaonyeshwa malori yangu manne, duka langu la saruji na mabati, na nyumba ya ghorofa niliyoichora mwenyewe kwa kijiti mchangani, fundi akaijenga hivyohivyo. Shule niliacha darasa la tano. Nilianza na baiskeli, navusha watu na mizigo kutoka lango la Uganda mpaka lango la Kenya, na leo waliosoma wananiita bosi. Miaka mingi nimesema mbele za watu, harusini na matangani, kwamba hakuna aliyenishika mkono. Si kweli. Yupo aliyenishika, na mkono wenyewe ulikuwa unanuka samaki.

Kibanda chake kilikuwa karibu na maegesho ya malori. Alipika ugali wa wimbi na muhogo, kunde, mukene, yaani dagaa, na siku ya soko samaki wa ngege mzima kwa nyanya. Mchuzi wa madereva aliuongeza maji, hilo sitamfichia. Mafuta ya kupikia aliyavusha kutoka upande wa Kenya ndani ya gunia la mkaa, na akisimamishwa aliapa kwa Mungu aliye juu kwamba ni mkaa mtupu. Jumapili ungemkuta kanisani, benchi la mbele la akina mama, kitambaa cheupe kichwani. Nilimwuliza siku moja, "Mama, na kile kiapo cha mkaa?"

Akasema, "Mungu anajua bei ya mafuta Uganda."

Lakini huyohuyo aliyeapa uongo forodhani alikuwa na watu ambao hakuwadanganya kamwe: mama za watu waliochukuliwa. Hapo alikuwa mtu mwingine kabisa, hata sauti ilibadilika.

Niwaeleze kazi yake ya pili. Kwetu mtu anaweza kuchukuliwa mchana, mkewe akiona, na gari lisilo na namba. Kosa lake labda ni kofia ya rangi fulani, au neno alilosema redioni. Kesho yake kila kituo unachokwenda wanasema hawamjui. Sheria inasema saa arobaini na nane, mtu afikishwe kortini. Sheria ni nzuri. Lakini saa hizo zinaanza kuhesabiwa lini, kama hakuna anayekubali kwamba anaye?

Ndugu walikuwa wanakwenda vituoni na picha mkononi, wanalia. "Afande, mmemwona huyu?" Hapana. Mama Mpishi hakuuliza. Adhuhuri, madereva wakishakula, alifunga sahani mbili tatu kwa kitambaa, akazipanga kwenye karai, akapanda pikipiki. Akifika anaweka karai juu ya kaunta.

"Chakula cha fulani."

"Hatuna mtu wa jina hilo hapa, mama."

"Sikuuliza kama mnaye. Nimeleta chakula. Saa kumi nakuja kuchukua sahani yangu."

Anaondoka. Askari naye ni mtu, na kile chakula kilinukia. Kama mwenyewe hayumo, wanakila wao. Kama yumo, mara nyingi hakosekani askari mmoja mwenye roho wa kumpelekea. Saa kumi sahani inarudi, na Mama Mpishi anaitazama kama daktari anavyotazama ulimi.

Kwa sababu kabla ya kupika alikuwa amekaa na mke au mama wa yule mtu, na swali lake lilikuwa moja tu: "Mtu wako anakulaje?" Hakuuliza anapenda nini. Njaa inamfanya mtu ale chochote, alisema, lakini haimbadilishi anavyokula. Mmoja anapasua kichwa cha samaki, mwingine hakigusi. Mmoja anapanga miiba pembeni kama kuni. Alama ikirudi na sahani, aliiambia familia, "Yuko pale, na mkono wake unafanya kazi." Hapo wakili aliweza kuandikia korti: mtu wetu yuko kituo fulani, mleteni.

Msidhani askari walimchukia. Walikuwa wateja wake. Asubuhi walikunywa chai kwake, na mchana aliwafuata kwao kuwasumbua. Wapo watu wa vyama waliomwita jasusi kwa sababu hiyo. Askari mmoja kijana alipouawa na homa, alikwenda matanga yake mpaka Mella, akapika siku tatu. Nikamwambia, "Mama, huyo si ndiye aliyekusukuma getini?" Akajibu, "Ndiye. Alikuwa anapenda kunde."

Siasa hakutaka kusikia. Ukianza habari za wagombea kibandani kwake alikupokonya kijiko. "Mimi chama sijui. Mimi najua mtu amelala njaa." Walimfungia siku mbili wakati mmoja, kwa kuingilia kazi ya polisi. Alitoka amekasirika sana, na si kwa kufungiwa. "Posho ile, ugali wao ule! Haina chumvi, haijaiva, mnawapa binadamu?" Wiki ile alikwenda kumfundisha mpishi wa kituo kusonga. Mpishi mwenyewe alikuwa afande mwenye tepe mbili begani. Akasonga.

Sasa habari yangu.

Mbali na malori, nilikuwa na spika za kukodisha, kubwa, na jenereta yake. Nilikodisha kwa kila mtu: harusi, wahubiri, chama cha serikali, vyama vya kuipinga. Mimi nilitazama tu kama jenereta ina mafuta. Fundi wangu wa spika alikuwa mtu wa Lunyo, mwana pekee wa mama yake, mpole, mwenye mikono ya kuponya vitu. Redio iliyokufa ikishikwa naye inaanza kusalimia. Msimu mmoja wa kampeni mgombea wa upinzani alinikodi kwa mkutano wa Mella. Watu wakajaa. Tulipokuwa tunakunja nyaya, gari jeupe likaja, tukachukuliwa sisi wawili.

Kituo kiko njia ya Tororo. Jina lake silisemi hapa, wakili analo. Tuliwekwa stoo ya nyuma, juu ya matairi makuukuu. Siku ya kwanza hatukula. Walitupiga, mimi zaidi, kwa sababu nilianza kuwaambia mimi ni nani. Fundi alininong'oneza, "Bosi, nyamaza basi, leo malori hayatusaidii." Ndiye mtu pekee aliyewahi kuninyamazisha.

Siku ya pili adhuhuri zikaingia sahani mbili zenye ukingo wa buluu. Ngege na ugali. Wallahi sikujua kama mtu anaweza kulia kwa kuona sahani. Nilikula samaki nikaacha mkia. Mimi mkia wa samaki siuli. Nyumbani tulikuwa wengi, mimi ndiye mkubwa, na mkia ulikuwa wa mdogo wetu wa mwisho, basi mpaka leo mkono unauacha wenyewe. Fundi alikula ugali wake akabakisha tonge moja pembeni mwa sahani. "La nani hilo?" nikamwuliza. "La anayekuja," akasema. Kwao, mama yake alimlea hivyo: husafishi sahani, huenda kuna mtu yuko njiani.

Saa kumi Mama Mpishi alizisoma sahani zile mbele ya mke wangu na mama yake fundi, yule mama wa Lunyo. Mkia. Tonge. Wakakumbatiana wote watatu pale barabarani. Mke wangu amenisimulia mara nyingi.

Siku ya tatu asubuhi mlango ulifunguliwa. "Nani fundi? Njoo utengeneze redio ya mkubwa." Akasimama, hata alifurahi kidogo, kazi ni kazi. Mlangoni aligeuka. "Bosi, chakula kikija nibakizie." Nikasikia gari likiwashwa nje. Sikumwona tena, na hakuna aliyemwona tena mpaka leo hii.

Adhuhuri sahani mbili zikaja kama kawaida. Nikala yangu. Nikamngoja. Nikaitazama ya kwake, nikaigusa, nikala kidogo, kisha nikala zaidi. Nilikuwa na njaa, sina maneno mengine. Nilipobakiza tonge moja nikajizuia, nikalibonyeza nikaliweka pembeni: hili lake, akirudi. Askari akaingia kuchukua sahani. "Ngoja, hiyo ni ya mwenzangu," nikasema. Akanisukuma, akaondoka nazo zote mbili.

Basi saa kumi jioni Mama Mpishi akaona mkia, akaona tonge. Akamwambia mama wa Lunyo, "Mwanao yuko, amekula." Wakili akaandika majina mawili, kituo kimoja.

Siku ya nne korti ilipiga kelele, wakanitoa haraka, chakula cha mchana kikiwa kimeshaingia. Niliishika sahani ya fundi, nikamimina chakula chake kwenye yangu, nikaisukuma chini ya shati, tumboni. Wakati ule tumbo lilikuwa bado na nafasi. Sijui kwa nini niliichukua. Nadhani niliona ni kitu chake. Kabla ya kunipandisha gari waliniwekea karatasi. Mkubwa wa kituo akasema, "Hapa imeandikwa ulikuwa peke yako na hukuguswa. Tia sahihi. Malori yako si yanapita hapa kila siku?" Ilikuwa kwa Kiingereza, sikuweza kuisoma yote. Nikatia.

Kortini wakili alisimama akasema sahani zilikuwa mbili, na mbili zimeliwa. Mkubwa wa kituo akacheka. "Mheshimiwa, mtazame huyu tajiri. Alikula zote mbili." Watu wakacheka na yeye. Nikaulizwa: ulikula zote mbili? Nikasema ndiyo. Ulikuwa peke yako? Nikamwona mama wa Lunyo, benchi la pili, ameshika sweta ya mwanawe. Nikasema, "Peke yangu. Tulitenganishwa tangu Mella."

Kwa neno hilo nikaenda nyumbani kulala kitandani kwangu, na watu wakaenda kumtafuta fundi mahali ambapo hakuwahi kuwa. Walimtafuta Mbale, walimtafuta Kampala, wengine walivuka mpaka Kisumu kuuliza huko. Nikawa nasimulia kwamba nilijitoa mwenyewe kwa akili na watu ninaowajua.

Na Mama Mpishi je? Aliamini sahani imemwongopea. Aliendelea na kazi, lakini kuanzia hapo hakusema "yuko" kwa alama moja. Alitaka mbili, tena siku mbili mfululizo. Kila msimu wa kupanda alifunga kibanda wiki nzima akaenda Lunyo kulima shamba la mama yule. Hakutangaza. Nilijua kwa sababu madereva wangu walilalamika njaa. Na ukimwuliza ana sahani ngapi alisema kumi na mbili, ingawa kwenye beseni ungehesabu kumi na moja. "Na ile nyingine, mama?" "Ipo. Haijarudi tu." Nilikuwa nimeketi pale siku moja, mdomo umejaa kunde zake, dereva mmoja alipomwuliza hivyo. Nikameza, nikatoka.

Mimi nilikuwa nayo, juu ya kabati, imefungwa kwenye gazeti. Ghorofa nimejenga, nimehama, na sahani imehama na mimi.

Mwaka huu miguu ilimkataa. Mwanawe wa kike akampeleka nyumbani Buhehe. Nikasikia, nikapakia gari: mchele, sukari, blanketi, mabati ishirini ya kuezeka upya jiko lake. Nikiwa mlangoni kwangu nikarudi ndani, nikapanda kiti, nikachukua lile gazeti.

Nilimkuta kwenye mkeka, anachambua mboga, macho yaleyale ya kuhesabu.

"Bosi," akasema, "umenenepa mpaka gari linalia."

"Mama, nimekuletea vitu."

"Naviona. Mabati hayo unataka yaonekane kutoka barabarani?" Akacheka. Kisha akaona gazeti. "Na hicho?"

Nikampa. Alikifungua polepole, akakigeuza, akapitisha kidole juu ya msalaba.

"Mama, nilikuwa naye," nikasema. "Siku mbili. Ya tatu wakamchukua asubuhi. Kile chakula nilikula mimi. Lile tonge niliweka mimi. Wewe hukukosea, mama. Mimi ndiye niliyekukosesha."

Nilitegemea anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, nayajua matusi yake. Akaweka sahani mapajani.

"La siku ya pili," akasema, "lilikuwa tonge la vidole vitatu, la mtu anayeshika nyaya. La siku ya tatu lilikuwa limebonyezwa kwa kiganja kizima. Nililiona."

"Uliona?"

"Niliona, mwanangu. Lakini mama yake alikuwa ameketi pale ameanza kutabasamu hata kabla sijasema. Nikajikaza nisione. Nikamwambia yuko. Mama niliyemdanganya maishani ni huyo mmoja. Kwa hiyo usije hapa kubeba mzigo wote peke yako kama kawaida yako. Na mimi nimebeba wangu."

Nikavuta mboga zake, nikaanza kuzichambua. Mimi, bosi, kuchambua mboga!

"Sasa mimi siwezi kukusamehe," akaendelea. "Si langu. Nisaidie kusimama. Gari lako si linafika Lunyo?"

"Leo, mama?"

"Unataka kurudisha sahani, au unataka kunionyesha kwamba unayo?"

Nikambeba mpaka kwenye gari. Alikuwa mwepesi kuliko mfuko wa saruji. Njia nzima alishikilia sahani mapajani akinilaumu ninavyoendesha.

Mama wa Lunyo alitujua kutoka mbali. Alimkaribisha mwenzake kwa furaha, mimi akanisalimu kwa heshima, "bosi wa mwanangu", na heshima ile ilinichoma. Mama Mpishi akaketi, akaniambia mbele yake, "Sema, na usijisifu." Nikasema yote: Mella, stoo, matairi, asubuhi ile, mlango, maneno yake ya mwisho, karatasi, korti. Mama Mpishi naye akasema lake, la vidole na kiganja.

Mama wa Lunyo hakulia mara moja. Aliuliza swali moja.

"Walimchukua asubuhi. Usiku wake alikuwa amekula?"

"Alikuwa amekula mchana, mama. Ngege na ugali. Alibakisha tonge, akasema la anayekuja."

Hapo ndipo alipolia, na Mama Mpishi akamshika, na mimi nikatoka nje nikasimama karibu na shamba la mihogo ambalo mpishi wangu alikuwa amelilima miaka yote kwa ajili ya neno nililoogopa kusema. Waliponiita ndani, mama wa Lunyo alikuwa amefuta uso. "Hayo uliyosema hapa, utayasema kule?"

Nimeyasema. Wiki hiyohiyo nilikwenda Tororo kwa wakili, nikatoa maelezo: kituo, stoo, siku, saa, uso wa aliyefungua mlango. Karatasi nilisomewa mara mbili kabla ya kutia sahihi, na pale nisipoelewa nilisimamisha. Tangu hapo malori yangu yanasimamishwa kila mahali na kukaguliwa mpaka tairi la akiba. Wacha wakague. Nilianza na baiskeli, na baiskeli bado ninayo. Kesi imefunguliwa tena, na safari hii kuna mtu anayesema sahani mbili zilikuwa za watu wawili. Mtu huyo ni mimi, na naweza kusema hivyo kwa sababu mwanamke mmoja alinilisha bila kuuliza nimekosa nini, akaningoja bila kuniita mwongo, na siku nilipokuja akawa mwepesi wa kusimama na miguu mibovu.

Siku ile ya Lunyo hatukuruhusiwa kuondoka bila kula. Nikamwona mama wa Lunyo anachukua ile sahani, anaiosha ingawa ilikuwa safi. Mama Mpishi akasema, "Hiyo ibaki hapa. Mimi ninazo kumi na moja, zinanitosha." Ugali ukawekwa mbele yangu ndani yake, na mukene. Wote wawili walikuwa wananitazama mikono. Nikala polepole mpaka karibu na mwisho, nikachukua tonge moja kwa vidole vitatu, nikaliweka pembeni.